Pete ya Hedwiga na Gazeti la Lantern

Turffontein, Johannesburg
20 Machi 2016

Baba Octavian,

Nakusalimu kwa mapenzi, na kabla hujauliza: mimi mzima, miguu imeacha kuvimba tangu niliposhuka basi, na ninakula. Wewe je? Kifua kimetulia au bado unakohoa alfajiri? Na Octavian anaamka mwenyewe siku hizi, au mpaka umvute shuka?

Dada Vestina nimemkuta hai, lakini nusu. Tangu kile kiharusi upande wa kulia haumsikii, na maneno yanamkwama mdomoni. Tangu shemeji afariki, nyumba imebaki ni yake na watoto wake wawili. Hawa watoto wanakielewa Kiswahili ila wanajibu Kizulu. Nikisema leteni maji, maji yanaletwa. Nikisema kaeni tuongee, wanakumbuka wana safari. Lakini wana adabu, na binti anakaa na mama yake asubuhi yote kwa sababu kazi yake ni ya jioni.

Hizo asubuhi nimezipatia shughuli. Juu huku Rosettenville kuna Mkongo mmoja, Mzee Évariste, anatengeneza fremu za picha. Nyumba moja karibu na uwanja wa mbio za farasi ilipohamwa, alinunua majuzuu mazito ya gazeti la zamani la Waingereza, la kila wiki, lililojaa picha. Jina lake Lantern, yaani kandili. Anazitia picha zake kwenye fremu na kuwauzia watu wa maofisini kule Sandton. Sasa wateja wanamuuliza picha hii ni ya nini, gazeti hili lilikuwa la nani, naye amesoma Kifaransa, Kiingereza cha miaka ile kinamchosha. Anataka mtu wa kusoma na kuandika historia ya gazeti hilo kwa Kiswahili, naye ataipeleka kwa mfasiri. Cheti changu cha kidato cha nne hatimaye kimepata kazi.

Msalimie jirani, na usiwape kuku pumba peke yake.

Mkeo,
Mama Octavian


Songea
24 Aprili 2016

Mama Octavian mpenzi,

Barua imefika, nimeisoma mara mbili na kuinukuu kwa ufupi katika shajara yangu. Sisi hatujambo. Kifua kimepungua baada ya kuacha kulala dirisha wazi. Mahindi yamekomaa. Kuku mmoja ametoweka, na Octavian anasema ni kicheche, ingawa mimi sikuona unyoya.

Unaniandikia kwa kuwa unajua msimamo wangu kuhusu simu. Simu ni ya Octavian, na siwezi kuzungumza na mke wangu huku mtoto amesimama pembeni akisubiri kifaa chake. Simu iulize uzima. Mengine tuandikiane.

Habari ya gazeti imenigusa. Miaka ishirini na sita nimepanga herufi za risasi katika kiwanda cha chapa cha misheni, mpaka walipoleta kompyuta na kututolea shukrani kanisani. Wewe ulikuja kuchukua kalenda za parokia, nikakupangia jina lako kwa vipande vya risasi, herufi kwa herufi, nikakupa mkononi. Ulilitazama ukasema, "Hiki ni Kijerumani?" Ulikuwa huwezi kusoma jina lako mwenyewe, kwa sababu herufi za chapa hukaa kinyume ili karatasini zitokee sawa. Nilikusomea kwa sauti, ukaondoka nalo. Kwangu kinyume na sawa vilikuwa kitu kimoja, na hata leo ni hivyo.

Kwa hiyo niambie: hao wa Lantern walichapaje picha kabla ya kamera za magazeti? Nataka kujua kwa undani.

Na jingine, la kujaza tu ukurasa: huyo Mzee Évariste ni mzee kweli, au ni mzee wa heshima? Ana mke? Yuko hapo au kwao?

Mumeo,
Laurenti


Turffontein
17 Julai 2016

Mume wangu,

Barua yako ilifika imelowa pembeni lakini maneno yote yamo. Nafurahi kifua kimekuachia. Huku ndiyo baridi yenyewe. Asubuhi nyasi ni nyeupe kama zimemwagiwa chumvi, na Dada Vestina namvisha soksi mbili mbili. Ameanza kusema maneno mafupi. La kwanza lilikuwa "chai", la pili "sukari iko wapi", kwa hiyo tuna matumaini.

Uliuliza walichapaje. Kila picha ilichongwa kwenye ubao, mti mgumu wa rangi ya siagi. Mti huo haunenepi, basi ubao wa picha kubwa uliungwa kwa vipande vidogo vilivyokazwa na boliti kwa nyuma. Mchoraji akishachora, msimamizi alifungua boliti akagawa vipande. Huyu apewe mawingu, yule mguu wa farasi, mwingine moshi. Walichonga usiku kucha, kila mtu na kipande chake bila kujua cha mwenzake, na asubuhi boliti zikakazwa tena. Ukitazama vizuri utaona ufito mweupe unakatiza mbinguni, pale vipande vilipokataa kukutana. Siku hizi kila picha naanza kwa kuutafuta ule ufito.

Vita na Wazulu vilipotokea huku, mchoraji mmoja alitumwa, naye akatuma karatasi yenye mistari michache na maneno: "hapa askari wengi", "hapa kilima", "hapa moshi". Waliobaki London wakajazia wenyewe, watu ambao hawajawahi kuona hicho kilima. Mpwa wangu alipoona Wazulu waliochongwa hivyo alisema, "Eish, mamncane, hawa ni Wazungu waliopakwa masizi." Mamncane ndiye mimi, mama mdogo. Dada Vestina alicheka kwa ule upande wa mdomo unaocheka. Mzee Évariste naye anasema, "Hawa batu balichongaka Afrika yote bila kutoka inje, hata kwenda chooni."

Jingine utalipenda wewe. Mchongaji mmoja aliletewa picha ya kikosi cha wapanda farasi, akaibandika ubaoni kama ilivyo akachonga. Alisahau kuigeuza. Gazeti likatoka, kikosi kizima kimeshika panga kwa mkono wa kushoto, na nishani za jemadari ziko kifua cha kulia. Wasomaji wakalalamika. Lantern likajibu kwamba ni kikosi maalumu cha watu wa mashoto.

Mwenye gazeti alikuwa muuza mbegu za maua, na Mzee Évariste anasema gazeti lile lilijengwa na wivu. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gazeti jingine la picha. Kila Ijumaa alinunua nakala yao ya kwanza akaipima kwa rula. Wao wakitoa picha ya ukurasa mmoja, yeye wiki ifuatayo anatoa ya kurasa mbili.

Uliuliza habari za Mzee Évariste. Ni mtu mwema, umri wako au pungufu kidogo. Mkewe alifariki Bukavu. Anaimba anapokata mbao, sauti ya pili, ya kwaya. Asubuhi analeta mkate wa Wareno ungali moto, tunakula halafu tunaanza. Anasema mwandiko wangu ni wa watawa, na kitabu kikitoka jina langu litakuwepo.

Arlène, msusi wa duka la jirani, amenifundisha kujipiga picha kwa simu yake. Nimemtumia Octavian. Mwambie akuoneshe mlivyo na mama aliyenenepa.

Mkeo akupendaye,
Hedwiga


Songea
4 Septemba 2016

Hedwiga,

Natumaini u mzima na dada yako anaendelea. Hapa tuko salama.

Kuhusu kikosi cha watu wa mashoto, nilicheka. Kosa kama hilo lisingenipita mimi hata kwa mwanga wa kibatari.

Picha yako imefika kwenye simu ya Octavian. Nilimwomba aipeleke studio wakaitoe kwenye karatasi, nikaitazama kwa kioo changu cha kukuzia, kile cha kazini. Nimeitazama siku kadhaa kabla ya kuandika, nisije nikaandika kwa hasira. Nimeandika shajarani kwanza, na sasa nakuandikia wewe yaleyale, kwa mpangilio.

Kwanza ni mkono. Umekaa mezani, mkono wa kushoto umelala juu ya gazeti, na unaonekana vizuri, kucha hadi kiwiko. Hauna pete. Nimetafuta hata ule weupe ambao pete huacha kidoleni, sikuuona.

Pili ni nywele. Tangu usichana wako njia ya nywele zako iko kushoto. Mama yako aliigawa hivyo, na wewe ukaendelea hivyo mpaka unapanda basi. Kwenye picha iko kulia. Mwanamke habadili njia ya nywele bila kuwa na mtu wa kumtazama.

Tatu ndiyo imeninyima usingizi. Hilo vazi la buluu limefungwa vifungo kiume. Blauzi ya mwanamke hufungwa upande wake na shati la mwanamume upande wake. Fundi yeyote atakuambia. Hilo ni shati. La nani?

Na nyuma yako ukutani nimesoma bila shida, "Évariste, Fremu na Picha". Umekaa chini ya jina lake kama bidhaa.

Mkate wa moto asubuhi. Sauti ya pili. Mwandiko wa watawa. Mimi nimeuona mwandiko huo kabla yake.

Octavian sijamwambia kitu. Ni mama yake.

Nijibu kila jambo.

Laurenti


Turffontein
30 Oktoba 2016

Baba Octavian,

Nakutakia afya. Dada Vestina sasa anasimama akishika kiti.

Pete iko kidoleni. Haijatoka tangu Padri alipoisukuma ikakwama kwenye kifundo na wewe ukacheka mbele ya altare. Njia ya nywele iko ilipo siku zote. Shati la mtu sijalivaa. Sijui umeona nini, wala simu si yangu nikatazame tena hiyo picha, na sitaenda kwa Arlène kumwomba anisaidie kujitetea kwa mume wangu.

Nilikuwa nimekusanya mengi ya kukuandikia kuhusu Lantern. Yule msimamizi wa wachongaji, ambaye nyuso zote muhimu alichonga yeye, nimempata jina na mahali alipozikwa. Lakini naona kila ninachokuandikia unakigeuza kuwa kitu kingine. Basi nitakuandikia habari za hali ya hewa. Mvua zimeanza.

Mkeo, ukipenda,
Hedwiga


Songea
8 Januari 2017

Hedwiga,

Heri ya mwaka mpya, kama huko mwaka mpya umefika. Afya yangu ni ya wastani.

Noeli imepita bila barua. Octavian anasema ulipiga simu nikiwa misani, ukasema wote wazima. Ulijua saa ya misa.

Nimesoma barua yako ya Oktoba. Hujaeleza, umekana tu. Mimi nilikuuliza mambo matatu yenye ushahidi, na picha ninayo. Haikuchongwa na mtu wa London asiyekuwepo, ilipigwa na wewe mwenyewe. Ningependa isiwe kweli. Naiweka chini ya kitambaa cha meza, halafu naitoa tena.

Jana jirani ameniuliza, "Shemeji yetu anarudi lini, au ndio ameolewa na dhahabu ya Joburg?" Alikuwa anatania. Nilicheka naye.

Rudi kabla ya Pasaka. Dada yako ana watoto wakubwa. Usiporudi na usipoeleza, nitajua la kufanya.

Laurenti


Songea
23 Aprili 2017

Hedwiga,

Salamu.

Pasaka imepita. Tangu Januari sijapata karatasi yako hata moja. Octavian anapokea simu zako, namwuliza mama anasemaje, anasema, "Mzima, baba," na kunitazama pembeni. Nimejua mnanificha kitu.

Nimefanya nilichosema. Alhamisi nilipakia sanduku lako, lile la bati lenye kufuli ya shaba, nikalipeleka Mbinga kwa kaka yako Wendelini. Sikulifungua. Nililiacha barazani nikamwambia, "Shemeji, vitu vya dada yenu hivi hapa." Aliniuliza kama nimelewa. Sijalewa.

Unajua maana yake, na wao wanajua. Sihitaji kuandika neno lenyewe.

Laurenti


Turffontein
11 Juni 2017

Laurenti,

Nakusalimu. Mimi mzima. Soma hii polepole, umekaa.

Mwezi wa pili nyumba zilichomwa Rosettenville. Watu wa mtaa walisema ni nyumba za madawa na za wanawake wa usiku, na nyingine zilikuwa hivyo, nyingine zilikuwa za wageni tu. Moshi tuliuona kutoka uani. Mzee Évariste alifunga duka, Arlène akafunga lake. Sikuandika kwa sababu sikujua niandike nini ambacho hutakigeuza, na nilimwambia Octavian asikutie hofu ukaanza kukohoa upya. Hicho ndicho tulichokuficha.

Juzuu zote za Lantern tulizihamishia hapa kwa gari la mikate la Mreno. Ziko chini ya kitanda changu, kwa kuwa hakuna pengine pakavu. Nakuambia mapema usije ukaziona kwenye picha. Tangu hapo kazi tunaifanya sebuleni mwa Dada Vestina, yeye akiwa katikati yetu kwenye kiti chake kama hakimu.

Barua yako ya sanduku ilifika Jumanne. Nilimsomea dada, kwa sababu lazima mtu mmoja wa kwetu ajue kwamba nimeachika. Nikatoa na ile ya Septemba nikamsomea yote, mkono, nywele, shati. Nilisahau kwamba Mzee Évariste yuko mlangoni anapaka gundi. Akasimama.

"Mama, soma tena hapo kwa vifungo."

Nikasoma.

"Na njia ya nywele? Na mukono?" Akaketi chini, akacheka mpaka akafuta machozi kwa aproni yenye gundi. "Kikosi cha mashoto! Mama Hedwiga, bwana yako ameona kikosi cha mashoto!"

Mimi bado sikuelewa. Dada Vestina ndiye aliyeelewa, akanyoosha mkono mzima ule akasema neno refu kuliko yote tangu augue: "Kimegeuzwa."

Arlène aliitwa na simu yake. "Ee, Mama," akasema, "simu yangu ukijipiga mwenyewe inageuzaka, kama kioo. Hukujua?" Sikujua. Picha ikafunguliwa. Simu niliishika kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo mkono wenye pete haumo kabisa pichani. Uliolala juu ya gazeti ni wa kulia, umegeuzwa ukawa kama wa kushoto. Njia ya nywele imegeuzwa. Blauzi imegeuzwa, Laurenti, na ni ile ya buluu uliyoninunulia wewe sokoni Songea mwaka wa kipaimara cha Octavian.

Halafu Arlène akauliza, "Lakini bwana yako hakuona kibao cha ukutani? Maandishi yote iko kinyume. Hata mutoto wa darasa la kwanza angeona."

Hapo nilikumbuka umeandika umekisoma bila shida.

Mtu mwingine yeyote duniani angeshindwa kukisoma, angeshangaa, angegeuza karatasi. Wewe peke yako, kati ya waume wote, ulikisoma moja kwa moja ukaendelea kutafuta makosa yangu. Miaka ishirini na sita ya herufi za risasi ndiyo iliyonipeleka Mbinga kwenye baraza la kaka.

Mzee Évariste alitaka nikuandikie hivi kwa kicheko. Nimejaribu, sioni pa kuchekea. Hukuona kibao, sawa. Lakini kabla ya picha ulikuwa umeshaniuliza kama ana mke.

Dada Vestina hajaweza kutembea. Nitakaa naye mpaka aweze au mpaka Mungu aamue. Sanduku ulilipeleka wewe.

Hedwiga


Songea
6 Agosti 2017

Mke wangu, kama neno hili bado naruhusiwa kuliandika,

Nimepata barua yako na kuisoma nimekaa, kama ulivyoagiza. Afya sina la kulalamika.

Niliichukua picha nikaiweka mbele ya kioo changu cha kunyolea. Blauzi niliitambua mara moja. Nilisimama hapo sijui muda gani, sabuni imekauka kidevuni, nikitazama kile kibao. Kuna ajabu moja nitakuambia wewe tu. Hata baada ya kujua, macho yangu yalikataa kuona tofauti. Ilibidi nifuate herufi moja moja kwa kidole.

Nimemwambia Octavian yote. Aliniambia, "Baba, ungeniuliza. Simu karibu zote ziko hivyo."

Jumamosi nilikwenda Mbinga kulirudisha sanduku. Wendelini alinipa kiti, akanipa uji, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Shemeji, sanduku si gazeti, kwamba ukikuta kosa unalikusanya mtaani ukachape upya. Wewe umelileta mchana, watu wanaona. Kulitoa hapa ni kazi ya dada mwenyewe, kwa miguu yake." Mkewe alikuwa jikoni akicheka, nilimsikia. Nimerudi mikono mitupu.

Nakuomba radhi kwa mkono, kwa nywele na kwa shati. Kwa lile swali la kama ana mke, sijui niombe vipi, kwa sababu ningeliuliza tena. Unaandika kuhusu yule bwana na magazeti yake, na sentensi zako zina furaha ambayo sijaiona tangu kiwanda kifungwe. Ni kazi yangu hiyo unayoifurahia, na unaifanya na mtu mwingine.

Swali moja tu, na usinune: hizo juzuu bado ziko chini ya kitanda chako?

Mumeo,
Laurenti


Songea
11 Novemba 2018

Mama Octavian,

Pole tena kwa kuondokewa na Dada Vestina. Octavian ameniambia ulivyomfunga kitenge chake cha Morogoro kabla ya jeneza kufungwa, na kwamba watoto wake waliimba Kiswahili kaburini, maneno yote. Sisi tulimsomea misa hapa.

Hii ni barua yangu ya nne bila jibu. Sikulaumu. Naiandika kwa sababu kitabu kimefika. Msafiri mmoja alimpa Octavian stendi, kimefungwa kwenye gazeti.

Nimekikagua kama mtu wa kazi. Kiswahili chako na tafsiri yake bega kwa bega, karatasi nzuri, pambizo finyu kidogo. Jaladani mmeandikwa wawili, Évariste na Hedwiga, mstari mmoja. Nilichukua rula nikapima nafasi kati ya jina lake na lako. Halafu nikakumbuka yule muuza mbegu wa Lantern na rula yake ya Ijumaa, nikaiweka chini.

Ukurasa wa mwisho nimeusoma zaidi ya nyingine. Magazeti mengine yalipoanza kuchapa picha za kamera, wachongaji wa Lantern wenyewe walimsihi mwenye gazeti abadilike. Alikataa kwa sababu wa ng'ambo ya barabara walikuwa wametangulia, naye hakuwa tayari kuonekana anawafuata. Akaendelea kuchonga picha kubwa zaidi na zaidi, za kurasa nne, ambazo hakuna aliyekuwa na meza ya kuzikunjulia. Wewe umeandika: "Hakuna aliyeliua gazeti la Lantern. Mwenyewe alimtazama jirani mpaka likafa mikononi mwake." Najua sentensi hiyo si ya Mzee Évariste. Najua uliandika ukinifikiria, au natumaini.

Dada yako amepumzika. Kazi imekwisha. Nyumba nimeipaka chokaa, na mahali pa sanduku pako wazi, sijaweka kitu.

Mumeo,
Laurenti


Mbinga
3 Februari 2019

Baba Octavian,

Habari za huko? Nimesikia wiki hii umekohoa usiku mbili. Octavian ndiye atakayekuletea hii mkononi, ndiye aliyenipokea stendi.

Tazama mahali nilipoandikia. Nimefika Jumatano. Niko kwa Kaka Wendelini, nalala chumba cha uani, na sanduku liko miguuni pa kitanda. Nimelifungua. Kila kitu kimo, hata lile jina langu la risasi, limefungwa kwenye leso. Nimelishika mkononi jioni nzima, na bado siwezi kulisoma.

Mzee Évariste anakusalimu. Amemposa Arlène, na juzuu zimehamia kwake. Nilikuwa nimeamua kutokuambia hilo, ukae nalo moyoni ujifunze. Kaka akasema nisiwe kama wewe.

Sitabeba sanduku kuja Songea peke yangu. Kaka zangu wana maneno yao na wewe, ni mengi, na mengine ni makali. Njoo uyasikilize yote, umekaa kwenye benchi la barazani pale ulipoliacha, watu wanaona. Wakimaliza, mimi nitaingia ndani kuvaa viatu vya safari.

Njoo Jumamosi. Pete utaiona mwenyewe, ukiwa mbele yangu. Kile kioo chako cha kukuzia kiache nyumbani.

Mkeo,
Hedwiga